Kitabu ni Changu, Jina ni Lao

Sahara, mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi tulipokunywa chai, na dua nitakuombea kesho gari litakapoondoka. Barua hii ni ya jambo jingine. Naiandika katika darasa la nne, watoto wamekwisha kwenda kwao, na wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako. Nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamebana, kwa sababu meza ya mwalimu ilivunjika mguu wakati wa ile mvua kubwa ya mwaka jana na mpaka leo hakuna aliyekuja kuitengeneza.

Ya safari ya Bute sitayagusa. Mama yako amekueleza namna ya kuchemsha maji na nani wa kumfikia Wajir, na kwa hayo simshindi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nimekisema maisha yangu yote lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika. Tena jambo lenyewe lilitokea kwa Kiswahili. Kwa lugha hii hii ninayowafundisha watoto wa watu, nilimkosea baba yangu mbele ya mtu baki.

Nianze na wiki iliyopita. Uliingia nyumbani na barua yako ya kazi umeishika kwa mikono miwili. Karani msaidizi, ofisi ya usajili wa watu, Bute. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikasema ni heri uuze maziwa sokoni kuliko ukae nyuma ya ile meza, na nikaongeza mengine ambayo sitaki kuyaona kwenye karatasi. Hukulia. Ulinijibu kwa adabu: "Aabo, tusipokaa sisi nyuma ya ile meza, atakaa nani?" Nikavaa viatu nikatoka. Leo ndiyo nakujibu, na jibu langu linaanza mbali kidogo.

Ulikuwa darasa la sita awoowe wako, baba yangu Roble, alipofariki, kwa hiyo unamkumbuka. Mzee mrefu, tasbihi mkononi, kimya. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa naye mlangoni saa ya habari, redio ikisema Kiswahili, nawe ukimtafsiria neno kwa neno? Alikuwa akikusikiliza mpaka mwisho, kisha anakuambia umefanya vizuri. Nataka ujue leo kwamba alikuwa ameelewa kila neno kabla hujafungua mdomo.

Alijifunza Kiswahili jeshini. Alitoka Sangailu akiwa kijana ambaye ndevu hazijajaa, akaandikishwa Keya, jeshi la Waingereza, akafundishwa kuendesha lori, akapelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Alirudi na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, na kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo mimi mwanawe. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, miaka ile ya hali ya hatari huku kwetu, baada ya uhuru, askari walipokuja kwenye boma letu wakawakalisha wanaume juani kutwa nzima, kisha wakaondoka na ngamia wetu. Walikuwa wakisema Kiswahili. Baba yangu aliwajibu kwa Kiswahili siku ile, akawaeleza kwamba yeye pia alikuwa askari, na mmoja wao akamcheka. Tangu hapo sikumsikia tena akiitamka lugha hiyo. Miaka ilipopita nikaamini ameisahau.

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa darasa la saba. Alinijia na kile kitabu akaniambia, "Nisomee." Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa bado nina hasira za ngamia, na nilikuwa kijana mwenye maneno makubwa, nikamwambia sisomi vitabu vya waliotutawala. Hakunigombeza. Alikirudisha kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko akaurudisha kwenye sanduku la bati. Mzee aliyeuza mbuzi wake ili mimi nijue kusoma aliniomba nimsomee kurasa chache tu, nikakataa. Hakuniomba tena.

Kisha ukaja ule msako. Wewe ulikuwa mdogo lakini uliona foleni. Amri ilitoka kwamba kila Msomali aje athibitishe kuwa ni Mkenya. Mkamba hakuitwa. Mpokomo hakuitwa. Mwalimu mwenzangu wa Kimeru, aliyekuja Garissa mwaka mmoja kabla, alikuwa akipita kando ya foleni akielekea kazini, akanipungia mkono kwa aibu. Mimi nilikuwa na kipande, nilikuwa na barua ya ualimu, nilikuwa nimesimamia mitihani ya serikali, na bado nilisimama juani nikisubiri kuulizwa babu wa babu yangu ni nani.

Tulifika mezani baada ya adhuhuri, mimi na baba. Alivaa koti lake, akashika kitabu chake. Ofisa alikuwa kijana, pengine wa miaka thelathini. Hakutusalimu. Aliuliza kwa Kiswahili, nami nikawa natafsiri: jina, baba, babu, ukoo, kisima, chifu. Baba akajibu yote. Kisha akaweka kitabu mezani. Ofisa akakifungua, akasoma, akamtazama mzee, akasoma tena. Akaniambia, "Mwambie kitabu hiki si chake."

Nikatafsiri. Baba akanyooka. Akasema kwa Kisomali, polepole, ili nisipoteze neno: "Mwambie nilibeba bunduki ya nchi hii kabla mama yake hajazaliwa. Mwambie kitabu ni changu, jina ni lao."

Hayo ndiyo maneno yake, Sahara. Sasa nitakuandikia tafsiri yangu. Nilimgeukia ofisa, nikatabasamu, nikasema: "Mzee anaomba radhi, afande. Anasema ni mtu mzima, anaomba msaada."

Niliogopa. Nilihofia kadi ya uthibitisho tuliyoifuata pale, kazi yangu, ninyi watoto. Nilijiambia nampunguzia mzee matatizo. Wala sikuelewa maana ya "jina ni lao", na sikumwuliza. Ofisa alikitia kitabu kwenye mtoto wa meza, akasema kitachunguzwa. Mimi nilipewa kadi ya pinki. Baba hakupewa. Hatukukiona kitabu tena, na kila nilipokwenda kukiulizia niliambiwa ofisa yule amehamishwa.

Tulitembea kurudi nyumbani. Karibu na tangi la maji baba alisimama, akaegemea fimbo, akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu, Kiswahili cha jeshini kisicho na mapambo:

"Mimi sikuomba msaada."

Akaendelea kutembea. Aliishi miezi minane baada ya siku ile. Miezi minane tulilala chini ya paa moja, tukala sahani moja, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia nisamehe, wala wa kumwuliza jina lipi, la nani. Ukiniuliza ni lipi linaloniuma zaidi kati ya maneno niliyoyasema na kimya nilichokaa, nitakuambia kimya. Maneno yalinitoka kwa hofu ya dakika moja. Kimya nilikichagua kila asubuhi.

Na hawakuwa wamemaliza naye. Alipougua, hospitali ilimwandikia barua aende Nairobi. Kwenye kizuizi cha darajani askari alipanda basi, akapita abiria wote, akafika kwa mzee aliyejikunja kwa maumivu, akataka kadi. Nikampa barua ya daktari. Akaniambia barua si kadi. Tulishushwa, na basi likavuka Tana bila sisi. Mto ule ule ambao yeye aliuvuka akiwa kijana, kwenye lori la jeshi, na siku hiyo hakuna aliyemwuliza kama ni Mkenya kabla ya kumpa bunduki. Alifariki nyumbani, kabla ya mvua za Aprili.

Kwa miaka kadhaa sikufanya lolote. Kisha siku moja, humu humu darasani, nilikuwa nikifundisha habari za vita vile vya pili vya dunia. Kitabu cha shule kilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu Waafrika waliopigana. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza kama Wasomali nao walikwenda. Nikasema ndiyo, baba yangu alikwenda. Akauliza alikuwa kikosi gani, alifanya nini huko. Nikamwambia aliendesha lori, zaidi ya hapo sijui. Likizo ilipofika nikapanda basi kwenda Nairobi.

Katika ofisi ya kumbukumbu za jeshi kulikuwa na karani mmoja na madaftari hadi darini. Kabla ya kuniuliza jina la baba aliniuliza kipande, kisha akaniuliza kadi ya pinki. Akatafuta Roble Gedi. Hakuna. Likizo iliyofuata nikarudi, akatafuta Gedi Roble, akatafuta Robo, akatafuta Rubia. Hakuna. Mara ya tatu alichoka na mimi. Alinieleza, tena bila ubaya, kwamba wazee wengi hupenda hadithi, na labda mzee wangu alisikia habari za Bama kwa watu wengine akazifanya zake.

Na mimi, Sahara, nilimwamini nusu. Mwaka mzima nilimtilia baba yangu shaka, mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata bei ya mbuzi, kwa sababu daftari halikumtaja. Angalia karatasi inavyoweza kumla mtu akili. Mama yako ndiye aliyenizindua. Alinisikia nikimwambia jirani kwamba mzee "alisema" alikwenda Bama, akaniuliza, kovu la mkononi nalo alisimuliwa?

Mwalimu wetu mmoja wa Mwingi aliniambia mjomba wake, Mzee Kilonzo, alikuwa Keya. Nikaenda Mwingi. Nilimkuta akisokota kamba za katani nje ya nyumba yake, jicho moja halioni. Nilipomwambia natafuta habari za Roble Gedi wa Sangailu alitikisa kichwa, hamjui. Nikainuka niondoke. Kwa kukata tamaa tu nikamwambia alikuwa dereva, mrefu, ana kovu la moto hapa. Mzee akaacha kamba.

"Hilo ni la rejeta," alisema. "Lori lilichemka, akafungua kifuniko kwa haraka kwa sababu nyuma kulikuwa na majeruhi. Huyo si Roble. Huyo ni Ali."

Akanieleza yote. Waliandikishwa siku moja, kwenye foleni moja, Kilonzo mbele na baba yangu nyuma yake. Karani akamwuliza baba jina. Akasema Roble Gedi. Karani akamwambia aseme tena, akasema tena. Karani akasema hilo halina namna ya kuandikika, akaandika Ali Somali, akapiga muhuri, akaita anayefuata. Baba hakujua kilichoandikwa mpaka alipoanza kuitwa hivyo kwenye gwaride. Akalalamika, akaambiwa askari halalamiki. Kilonzo ndiye aliyemfundisha Kiswahili, huko njiani, melini na msituni. Alisema Ali alikosea ngeli kila siku lakini neno akishalishika halimtoki. Alisema mvua ya Bama iliozesha viatu miguuni, na usiku baba yangu alikuwa akiimba peke yake nyimbo za ngamia, na Wakamba wakamwomba arudie ingawa hawakuelewa kitu.

Nilimweleza Kilonzo habari za ile meza, za kitabu, na za tafsiri yangu. Alikasirika mpaka akasimama. Hakunikasirikia mimi, na pengine ningependelea anikasirikie. Alisema yeye alizeeka akidhani ni Wakamba tu waliosahauliwa, kumbe wengine hata kusahauliwa hawakupata, kwa kuwa hawakuandikwa. Akanipa namba yake ya jeshi. Askari husahau watoto wake kabla ya kusahau namba. "Ya Ali inafuata yangu," alisema. "Nenda ukawaonyeshe."

Nilirudi kwa yule karani. Nikamwambia atafute Ali Somali. Unajua alinijibuje? Aliniuliza yupi. Akanigeuzia daftari nione. Walijaa ukurasa, wakaingia ukurasa wa pili. Ali Somali, Ali Somali, Ali Somali. Nilisimama pale nikawatazama. Kila mmoja alikuwa na mama aliyemchagulia jina, na hakuna mama aliyewaita wote jina moja. Kuna mtu Mandera, kuna mtu Wajir, huenda hata Bute unakokwenda, anayemtafuta baba yake kama mimi, na anaambiwa mzee wake alipenda hadithi.

Namba iliyofuata ya Kilonzo ilikuwepo. Dereva. Bama. Tabia njema sana. Nilisoma mstari ule kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwomba karani aandike kando yake jina lake la haki. Akasema inawezekana, nijaze fomu, niambatanishe ushahidi. Nikajaza. Nikaeleza kila kitu, nikaandika kwamba mhusika amefariki na kwamba mwombaji ni mimi mwanawe. Kilonzo akaenda mahakama ya Mwingi kula kiapo, na kiapo nacho nikakiambatanisha.

Jibu lilikuja kwa posta ya shule siku ile ile uliyoleta barua yako ya kazi. Nilikuwa nalo mfukoni ulipoingia. Bahasha yenye muhuri wa serikali kama yako. Juu yake imeandikwa: Bw. Ali Somali. Ndani wanamwambia Bw. Ali Somali kwamba ombi lake limepokelewa, na kwamba anatakiwa kufika mwenyewe, na kitabu chake cha kuachishwa jeshi.

Ndiyo maana nilisema yale. Hasira ilikuwa ya watu wengine nikakumwagia wewe kwa kuwa ulikuwa karibu. Ni desturi mbaya ya watu waliodhulumiwa, na katika nyumba hii nimeifanya zaidi ya mara moja. Naomba unisamehe. Baba yangu sikumwomba kwa wakati wake, wewe nakuomba kabla gari halijaondoka.

Barua ile nimeijibu jana. Nimewaandikia kwamba Roble Gedi hawezi kufika kwa sababu amezikwa Garissa, na kwamba kitabu wanacho wao, kwenye mtoto wa meza yao. Sikuomba radhi mahali popote, na msaada pia sikuomba. Sijui watajibu nini. Wakinyamaza nitakwenda tena likizo ijayo, na Kilonzo amesema tutakwenda pamoja, mguu ukimruhusu.

Sasa jibu langu kwako. Umesema kweli: kama si sisi, atakaa nani? Kaa. Lakini usifikiri meza ile itakuwa nzuri kwa sababu umekaa wewe. Yule karani wa Nairobi hakuwa mtu mbaya. Yule aliyeandika Ali Somali pengine alikuwa na foleni ndefu na jua kali, na nyumbani watoto walimpenda. Nawe utachoka. Watakuletea majina usiyoyajua, ya Wagarre na Waajuran na Waborana, saa tisa mchana, tumbo tupu, na mkubwa wako atakuambia uharakishe. Mimi mwenyewe nimewahi kufupisha jina la mtoto kwenye rejista hii ya darasa kwa sababu mstari ulikuwa mfupi. Hussein Abdirahman Issack nikamwandika Hussein Abdi. Baada ya kutoka Mwingi nilirudi nikafuta, nikaandika upya kwa herufi ndogo mpaka likaenea.

Usiposikia jina, mwambie aliseme tena. Mtu hachoki kusema jina lake. Mtu akiweka karatasi mezani pako, mrudishie mkononi mwake kabla hajaondoka. Na siku moja atakuja mzee na kijana wake, kijana amesoma, amevaa shati lililopigwa pasi, anaogopa. Mzee atasema maneno marefu na kijana atakuletea mafupi. Wewe Kisomali unakijua. Usimtazame kijana. Mtazame mzee, na umjibu yeye.

Ni mimi, baba yako,
Mohamed Roble Gedi